Karatasi ya Kumi na Tano

Mumba, mwanangu,

Umepanda baiskeli kwenda Kabuta kuwaaga rafiki zako, na mimi nimebaki uani na samaki wangu juani. Nimekuona ulivyotoka. Ulisimama karibu yangu, ukangoja niseme neno, nami nikainama kugeuza chisense ambao nilikuwa nimewageuza muda ule ule. Leo ni siku ya nane tunaishi hivyo. Wewe unaniamkia mama yako kwa heshima, "Mukwai, mayo," mimi nasema "Ee," basi. Hata kuku wa nyumba hii wamechoka na sisi.

Kwa hiyo naandika. Barua hii nitaitia begini mwako, chini kabisa, chini ya lile shati jeupe, uikute ukiwa umeshavuka ziwa. Habari za malori ya kwenda Lubumbashi, na za vyeti, na za kutolala garini viatu ukiwa umevivua, baba yako ameshakupa mara tatu, na kila mara ameongeza mwizi mmoja. Mimi huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu.

Utashangaa ni Kiswahili. Lugha ya nyumba yetu ni Kibemba, najua, lakini kwa Kibemba nimekugombeza tangu ulipoanza kutambaa, na nikikianza tu najikuta nagombeza. Kiswahili wewe ulikipata mgongoni mwangu, nikiuza samaki kwa watu wa ng'ambo. Mimi nilikipata kwa mtu ambaye sijawahi kukutajia jina lake. Aliitwa Feza. Habari zake ndizo nilizopaswa kukueleza siku ile ulipokuwa na miaka saba, siku niliyochoma karatasi zako motoni. Sikueleza kitu. Najua hujasahau, maana tangu siku hiyo hujachora mstari hata mmoja ndani ya nyumba hii.

Acha nianze mbali kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku bado kwa Mwingereza na ng'ambo bado kwa Mbelgiji, na mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Baba yake Feza alikuwa fundi wa injini za mashua. Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua samaki hapa Nchelenge alimleta kutoka ng'ambo amtengenezee injini zake, naye akapanga nyumba nyuma ya yetu. Feza alikuwa wa umri wangu, miguu mirefu, jino la mbele limevunjika nusu. Kibemba alijua neno moja, "nshima," yaani ugali. Mimi Kiswahili nilijua mawili, "bei gani." Kwa maneno hayo matatu tulielewana wiki nzima.

Kazi yetu ilikuwa moja. Asubuhi tulichukua kitenge cha bibi yako, Feza akashika pembe mbili na mimi mbili, tukaingia maji ya magoti tukachota chisense, wale wadogo kama kucha. Halafu tuligawana papo hapo mchangani. Sheria ya ufukwe huu unaijua: walioshika nguo pamoja hawaondoki kabla ya kugawana. Konzi kwako, konzi kwangu, konzi kwako, konzi kwangu, na ikibaki moja isiyo na mwenzake, inakwenda kwa mwenye nguo. Nguo ilikuwa ya kwetu, kwa hiyo konzi ya ziada ilikuwa yangu siku zote. Feza hakunung'unika hata mara moja. Baada ya hapo tulianika, tukakaa kwenye kivuli cha mashua iliyopinduliwa kuwafukuza kunguru, mpaka jua lipoe.

Siku moja baba yake alitutuma tumletee matambara ya kufutia mafuta. Yalikuwa ndani ya sanduku la vyuma lililotoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na chini yake kulikuwa na kitabu. Jalada la mbele halipo, mtu alikwisha kulifutia mikono. Tulikiona pamoja na tukakishika pamoja, yeye huku, mimi kule. Kilikuwa kitabu cha katuni, kama mnavyokiita ninyi. Sisi hatukuwa na jina la kukiita. Picha tulizozijua ni zile za misheni, Bwana Yesu mmoja kwenye karatasi moja. Hizi zilikuwa zimepangwa vyumba vyumba, ukurasa mzima, na katika kila chumba alikuwamo mzungu mnene mwenye mwavuli.

"Huyu iko mutu moya, ao bako bengi?" Feza akauliza.

Tulihesabu wanene thelathini na mbili, tukaamua ni mapacha, tukamhurumia mama yao. Ndipo baba yake alipokuja kuuliza matambara yako wapi. Alituangalia, akacheka mpaka akakaa chini, akaweka kidole chake kwenye ukurasa.

"Ni mutu moya tu," akasema. "Anatembea. Macho yenu njo inamufuata. Munaanzia huku, munaenda huku, kisha munashuka."

Alama ya kidole chake ingalipo, nyeusi, kwenye karatasi ya pili. Uliniuliza ukiwa mdogo ni kidole cha nani, nikasema sijui.

Mumba, sijui kama nitaweza kukueleza dakika ile. Macho yangu yalifuata kidole, na yule mzungu akaanza kutembea. Kofia yake ilinyakuliwa na mbuzi, mbuzi akaivaa, akakimbia, na yeye nyuma yake, mwavuli juu. Nilisikia viatu vyake. Tangu siku hiyo nimeona mambo mengi, nimeona sinema pia, lakini hakuna kilichowahi kunitekenya moyo namna hiyo.

Juu ya vichwa vyao kulikuwa na mawingu meupe yenye maandishi. Tulidhani ni pumzi, kama inavyotutoka mdomoni asubuhi za mwezi wa sita tukiwa majini. Baba yake alisema hapana, yale ni maneno wanayosema, yameandikwa Kifaransa, na Kifaransa yeye alijua majina ya vyuma vya injini tu. Basi tukawawekea maneno yetu. Feza alikuwa mzungu na mimi nilikuwa mbuzi.

"Weye mbuzi mubaya! Unirudishie kofia yangu!" akafoka Feza.

Na mbuzi akamkatalia kwa heshima zote za Kibemba: "Awe, mukwai, nakaana."

Ndivyo nilivyojifunza Kiswahili, na ndiyo maana hadi leo nikibishana bei sokoni wanacheka, wanasema naongea kama mtu aliyeibiwa kofia.

Sasa sikiliza tulilofanya, na usicheke. Tulikuwa tumekipata pamoja, mikono miwili. Na cha pamoja hakiondoki ufukweni hakijagawanywa. Wala hatukujadiliana. Nilikimbia kuleta kisu cha kuparia samaki, tukakata pale kwenye mkunjo, tukakaa mchangani. Karatasi kwako, karatasi kwangu, karatasi kwako, karatasi kwangu. Hatukujua kwamba kitabu si samaki, kwamba konzi moja ya chisense ni sawa na nyingine lakini karatasi haifanani na nyingine. Zilikuwa kumi na tano. Saba kwake, saba kwangu, na ile ya mwisho, ya ziada, kwa mwenye nguo.

Tukawekeana ahadi: karatasi moja kwa siku, na hakuna kuchungulia. Feza alificha zake chini ya mkeka wa mama yake, mimi zangu kwenye mkebe wa chai. Kila mchana, chini ya ile mashua, mwenye zamu alileta ya kwake, tukaziongeza mchangani moja baada ya nyingine, tukaanza upya tangu ya kwanza. Kunguru walikula vizuri siku hizo. Bibi yako alinichapa mara mbili kwa samaki walioliwa, na mara zote mbili niliona imenilipa.

Siku tuliyosoma ya kumi na nne, jioni yake, Feza alikuja mbio na karatasi zake saba mkononi. Kazi ya baba yake ilikuwa imekwisha. Wanaondoka asubuhi.

"Leta ile ya mwisho tuone," akasema. "Kesho tunaenda kwetu."

Alisema "kwetu" huku anacheka, jino lake lililovunjika lote nje. Alikuwa na hamu ya bibi yake, mtoto wa watu, alikuwa na haki. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba anafurahi kuniacha.

"Hapana," nikasema. "Ya leo tumeshasoma."

"Kesho mi siko hapa."

"Basi utaiona siku utarudia."

"Juu ya nini unanifanyia vile?"

 Mtoto wa wavuvi, nilikuwa nimeshaweka chambo changu na sikutaka kutikisa mshipi. Niliamini kabisa kwamba mtu hawezi kukaa mbali na mwisho wa hadithi. Nikimnyima, atarudi. Asubuhi bibi yako akaniita niende kumuaga, nikasema tumbo linauma. Nililala nimejifunika nikasikia injini ikiwaka, ikakohoa, ikashika, halafu sauti ikapungua kuelekea Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, mpaka ikabaki kimya. Bibi yako aliporudi alinitazama sana. Akaniambia, "Rafiki yako alikungoja. Alisimama majini mpaka magotini, baba yake akambeba kumtia mashuani kwa nguvu."

Hakurudi. Zake saba alikwenda nazo, zangu nane zikabaki kwangu, na hadithi nzima haikuwapo tena upande wowote wa ziwa.

Nilimngoja, Mumba. Nilimngoja kitoto, halafu kisichana, halafu nikiwa nimeolewa. Fujo za ng'ambo zilipoanza na watu wakavuka kuja huku na magodoro vichwani, nilishuka ufukweni kila siku kuangalia midomo ya wasichana. Unadhani kwa nini nauza kwa watu wa ng'ambo, wakati hapa kuna wanunuzi tele wanaokuja na magari kutoka Mansa? Baba yako anadhani ni akili ya biashara. Mimi kila mashua ikifika nauliza: hamumjui Feza, baba yake fundi wa injini? Feza wako wengi. Mmoja aliletwa mpaka kwenye meza yangu, akatabasamu, meno yote mazima. Nilimpa samaki wa bure, nikageuka nikalia.

Sasa nifike kwako.

Ulikuwa na miaka saba ulipoukuta ule mkebe. Ndani mlikuwa na karatasi saba tu, maana ile ya mwisho naiweka peke yake katika kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Ukazipanga, ukaona hadithi inaruka. Uliniuliza, "Mayo, zingine ziko wapi?" Nikakwambia zimepotea, nikaenda sokoni. Niliporudi ulikuwa unaningoja mlangoni, mikono myeusi ya mkaa mpaka viwiko. Ulikuwa umechana mifuko ya sukari ukachora zilizokosekana. Saba zote. Kwa mkaa, na buluu yangu ya kufulia, ambayo nilikuwa nimeitafuta tangu asubuhi. Ukazipanga mkekani, moja yako, moja ya kitabu, moja yako, moja ya kitabu, na mwishoni ukaongeza moja ya kufungia, kwa sababu uliona hadithi haiwezi kuachwa hivyo.

Karatasi kumi na tano, mkekani, zimepangana. Sikuwa nimeona kitu hicho tangu ile mashua iliyopinduliwa.

Na hazikuwa za Feza. Hilo ndilo lililonipiga. Kwa Feza, katika karatasi ya tano, mbuzi alipanda garimoshi. Kwako alikuwa kwenye mtumbwi, anapiga kafi. Niliona kama umemtoa Feza mahali pake ukaketi wewe, na kwamba sasa hata akirudi hakuna nafasi ya kuweka zake. Mtu mzima, mama wa mtoto, nilifikiri hivyo. Nikaziokota zako nane, nikazitia chini ya chungu cha nshima. Hukulia. Uliuliza tu, "Nimekosea wapi, mayo?"

Sikukujibu. Nakujibu leo, miaka kumi na mitatu baadaye: hukukosea popote. Wakubwa wa hapa wanasema imiti ikula e mpanga, miti inayokua ndiyo msitu, na mimi niliufyeka wangu ukiwa kimo cha goti. Nazikumbuka zote nane. Naikumbuka ile ya mwisho, mzungu na mbuzi wamekaa chini wanakula nshima ndani ya kofia. Nimeshazitazama hizo picha akilini mara nyingi kuliko zile za kitabu.

Ukadhani mama yako hapendi picha. Ukaenda kuchora nje, kwenye mashua za watu, kwenye mlango wa kilabu, kwenye ukuta wa kinyozi, na ukirudi unanawa mikono kwa jirani kabla ya kuingia. Mimi naijua kila mashua uliyoitia rangi kuanzia hapa mpaka Kabuta. Ikipita mbali najua huu ni mkono wa Mumba. Yule furukombe kwenye mashua ya kijani ni mzuri, ila domo lake ni fupi, anafanana na jogoo. Nimetaka kukuambia hilo kwa miaka miwili.

Kisha, siku nane zilizopita, ukaja na ile barua ya mchoraji wa Lubumbashi aliyekubali kukufundisha. Ulikuwa unacheka. Na mimi nikasema, "Picha hazijamlisha mtu," nikafunga mdomo mpaka leo. Ulimi hauna mfupa. Sikuogopa njaa yako, mwanangu. Unajua kutega, unajua kupika, utakula. Niliogopa ile sauti ya injini inayopungua. Na kama kawaida yangu nikatafuta kitu cha kukunyima, nikakuta nina kimoja tu, neno la mama, nikalificha.

Nimejifunza jambo hili moja, na nimelijifunza polepole kama mtu mjinga: ukimnyima mtu anayeondoka, anaondoka vilevile, ila anaondoka na njaa. Sikwambii wewe ufanye nini. Nakwambia mimi nilivyofanya.

Ndani ya barua hii kuna ile karatasi ya kumi na tano. Hakuna aliyewahi kuiona ila mimi, na mnunuzi mmoja mzee wa Kasenga anayejua Kifaransa, ambaye mwaka juzi nilimwomba anisomee maneno madogo ya pembeni. Akanisomea: hadithi hii inaendelea katika kitabu kingine. Nilicheka mpaka akadhani namcheka Kifaransa chake. Mwisho niliomnyima rafiki yangu haukuwa hata mwisho.

Ni picha moja kubwa. Mbuzi yuko katika kimashua, kofia kichwani, anakwenda zake. Yule mzungu yuko ukingoni mwa maji, mwavuli umeanguka, mkono ameuinua juu. Miaka yote hii nilijua anamwita. Nilipoifungua peke yangu, nilimsemea kwa Kiswahili cha Feza: urudi, mbuzi mubaya, urudi! Lakini siku hizi nane nimeitazama tena vizuri, uso kwa uso. Hana wingu. Katika kitabu kizima hakuna mahali ambapo mtu yule anafoka bila wingu juu ya kichwa chake, na hapa hakuna hata moja. Mdomo umefungwa. Hamwiti. Anamuaga.

Ukifika, ukapata rangi na nafasi, nichoree tena zile saba, unitumie kwa watu wa mashua. Usijaribu kukisia za Feza. Mbuzi apige kafi, kama ulivyosema wewe. Na ukikutana huko na mwanamke wa umri wangu mwenye jino lililovunjika, mwonyeshe hii karatasi kabla hujamsalimu.

Nasikia kengele ya baiskeli yako kule kwenye mteremko. Niliandika hapo juu kwamba barua hii nitaificha chini ya shati mpaka uvuke. Ona mambo yangu, nimeanza tena. Hapana. Nitakupa mkononi sasa hivi, uisome hapa hapa, na mimi nitageuza samaki.

Kesho nitakuja ufukweni. Nitaingia maji mpaka magotini. Maneno najijua, yatanikwama, kwa hiyo mashua ikishaondoka geuka mara moja unitazame. Utaniona nimeinua mkono. Usidhani nakuita.

Nenda.

Mama yako, Bana Mumba